Dumu Lililokonda

Nyumbani kwetu huwezi kujua baba amerudi kwa kusikia injini. Injini anaizima kule juu, penye kanisa la mawe, halafu anaiachia gari ishuke yenyewe mpaka mlangoni. Unachosikia ni matairi tu kwenye mawe, taratibu, na breki zikilia kidogo mwishoni. Madereva wa teksi wa Antananarivo karibu wote wanafanya hivyo. Mji wenyewe ni vilima vitupu. Kupanda unalipia petroli, kushuka ni bure, na baba hapendi kulipia kitu cha bure.

Gari yetu ni Renault 4, rangi ya krimu kama teksi zote, na ina umri mkubwa kuliko baba. Aliachiwa na babu. Tangi lake la chuma liliisha kwa kutu kabla mimi sijazaliwa, na baba hakuhangaika kutafuta lingine. Petroli inakaa kwenye dumu dogo la plastiki, lile la mafuta ya kula, chini miguuni kwa abiria wa mbele. Kwenye kifuniko cha dumu kuna mpira unaoingia, umebana kabisa na kuzungushiwa gundi, na mpira huo unapita chini ya dashibodi hadi kwenye pampu. Ukikaa mbele unalishikilia dumu kwa viatu vyako ili lisianguke kwenye kona. Wateja wamezoea. Anayekaa mbele anajua kwamba kazi yake ni hiyo.

Bibi Razay, mama yake mama, hakuzoea. Alikuja kuishi kwetu kutoka Ambatolampy baada ya mvua, magoti yalipomshinda kupanda shambani. Kila Jumapili alikaa mbele kwa sababu ndiye mkubwa, na mkubwa hawezi kukaa nyuma. Akajifunga lamba yake, lile shuka jeupe la kanisani, mabegani, akakusanya miguu, akaliangalia dumu kama mtu anayemwangalia mbwa wa jirani. Alisema linanuka. Alisema linatingishika. Alisema enzi za mume wake watu walikwenda kanisani kwa miguu na walifika wakinukia sabuni. Baba alikuwa anaitikia tu, "Ndiyo, mama," huku macho yakiwa barabarani.

Halafu gari ikaanza kuzima.

Mara ya kwanza baba alikuwa anawapeleka kina mama wawili Andohalo, kule juu kabisa, wamevaa vizuri, wanakwenda kwenye mahari ya mtoto wa ndugu yao. Katikati ya mlima injini ikakohoa, ikavuta pumzi, ikanyamaza. Baba akafungua dumu kuangalia kama petroli imeisha. Ilikuwepo ya kutosha. Akafunga, akawasha, gari ikawaka kama hakuna kilichotokea. Alituhadithia jioni huku anacheka. Alisema labda ilikuwa imechoka, nayo ni mtu mzima.

Kesho yake ikazima tena, na keshokutwa. Safari fupi za chini, sokoni na stesheni, haikuwa na shida. Ilikuwa inangoja mlima mrefu. Asubuhi baba akinipeleka shule tunapanda kilima cha Faravohitra, na mimi ndiye nilikuwa na kazi ya jiwe. Gari ikizima mlimani breki ya mkono peke yake haiaminiki, lazima mtu ashuke haraka aweke jiwe nyuma ya tairi. Jiwe letu linakaa chini ya kiti cha nyuma. Basi nikawa nashuka na sare yangu ya shule, nimekumbatia jiwe, na wenzangu wa darasani wanapita kwa miguu wananiangalia. Mimi hata kuitwa jina na mwalimu kunanitoa jasho. Nilikuwa naliweka jiwe na kuinama pale pale kama natafuta kitu, mpaka wapite.

Baba akaanza kuitibu. Kwanza aliamua ni kabureta. Akaifungua mezani kwetu, juu ya kitambaa ambacho mama alikuwa amekitarizi kwa ajili ya mteja. Yaliyosemwa hapo siyaandiki. Alipuliza kila kitundu, akaosha kila kipande kwa petroli, akairudisha. Siku ya pili gari ikazima mlimani. Akafungua dumu kuangalia, petroli ipo, akafunga, akawasha, ikawaka.

Akasema basi ni uchafu. Akabadilisha kichujio kidogo kilicho kwenye mpira, akabadilisha na mpira wenyewe. Ikazima. Akaangalia dumu, akawasha, ikawaka. Akasema basi ni utando wa ndani ya pampu, umechoka, hauna nguvu ya kuvuta mlimani. Fundi wa Ankadifotsy akamwekea mpya. Ikazima. Fundi wa pili akaangalia asione kitu, wa tatu akamwambia ni joto, kwamba petroli inachemka kwenye mpira kabla ya kufika, na dawa yake ni kitambaa kibichi juu ya pampu. Basi tukawa tunatembea na chupa ya maji. Ikizima, baba anafungua dumu kuhakikisha, anafunga, anamwagia pampu maji, anawasha, inawaka. Alirudi siku hiyo na furaha, akasema ndiyo yenyewe, joto. Kesho yake kulikuwa na baridi na manyunyu, mikono inauma kwa baridi, na gari ikazima pale pale.

Kilichomuumiza ni hicho, kwamba kila dawa ilifanya kazi mara moja tu. Ingekuwa imekufa kabisa angejua la kufanya. Wateja wakaanza kumkwepa. Pale kituoni Ambohijatovo mtu anayekwenda juu alikuwa anaangalia gari yetu, anaangalia gari iliyo nyuma yetu, halafu anaipita yetu.

Siku ya Jumatano nilimkuta mama ameacha kutarizi, mikono iko kwenye mapaja. Baba alikuwa amekubaliana na bwana Jaofera wa Mahamasina, yule anayenunua magari mazima na kuyauza vipande vipande. Wangekutana Jumamosi saa sita mchana. Na baada ya hapo baba angekwenda Ilakaka, kusini, kwenye mashimo ya yakuti, ambako mjomba alikuwa na nafasi ya mtu mmoja wa kuchimba. Alisema ni kwa msimu mmoja tu.

Baba yake Sitraka, jirani yetu, alikwenda Ilakaka kwa msimu mmoja. Sitraka sasa ni mrefu kuliko mama yake.

Bibi alikuwa pembeni ya jiko anakunywa ranovola, yale maji yanayochemshwa kwenye ukoko wa wali. Aliweka kikombe chini, akasema kwa sauti ndogo kwamba ni kweli, gari hiyo inakula pesa, hata petroli yake ilikuwa inatoroka ovyo. Baba akaitikia, "Ndiyo, mama." Mimi nilikwenda kulala, nikageukia ukutani.

Sasa nimtaje Rabary, maana bila yeye nisingekuwa na cha kuandika.

Rabary ni dereva wa teksi kituo kimoja na baba, mkubwa kuliko baba kwa umri, mwembamba, ana kofia ya majani ambayo haivui hata akiwa ndani ya gari. Yeye anaendesha ile Citroën ndogo yenye mgongo wa chura. Tangu nikiwa mdogo wanataniana. Rabary anaiita yetu kabati la vyombo. Baba anaiita yake mwavuli wenye magurudumu. Rabary anamuuliza kama leo kabati limeamka vizuri, baba anamuuliza kama upepo wa jana haukumbeba. Nilidhani hawapendani.

Alhamisi habari ikafika kituoni kwamba kabati linauzwa. Mama aliniambia Rabary hakutania siku hiyo. Ijumaa jioni alikuja nyumbani, akakaa kwenye kigoda karibu na mlango, akauliza habari za kila mtu mpaka za kuku. Halafu akamuuliza baba kesho anapitia njia gani kwenda Mahamasina. Baba akasema atapanda Andohalo, amshushe bibi kwa binamu yake, halafu ateremke upande wa pili.

"Nitapanda na nyinyi," Rabary akasema. "Nyuma. Sigusi kitu."

"Kaka, mafundi watatu wameshagusa. Ukae tu nyumbani upumzike."

"Ndiyo maana nasema sigusi. Ila na wewe usiguse. Ikizima kesho, usifungue kitu chochote. Usiangalie petroli, usimwage maji. Kaa hivyo hivyo kwenye usukani kama mteja."

Baba akacheka kwa mara ya kwanza wiki ile. Alisema hiyo ndiyo tiba ya watu wa Citroën, kukaa na kungoja upepo. Lakini alikubali. Nadhani alikubali kwa sababu hakutaka kufanya ile safari akiwa na sisi tu.

Jumamosi bibi akakaa mbele na lamba yake, dumu katikati ya viatu vyake. Mimi nikakaa nyuma na jiwe, Rabary pembeni yangu, magoti yake yamefika karibu na kidevu. Mama hakuja. Alisimama mlangoni, akaigusa gari kwenye bodi, hapo nyuma, kama unavyomgusa ng'ombe anayepelekwa mnadani.

Tulipanda. Tukapita ngazi za soko, tukapita shule yangu, barabara ikaanza kusimama. Baba alikuwa anabadilisha gia kwa upole mno. Hakuna aliyeongea isipokuwa bibi, ambaye alikuwa analaumu kona moja baada ya nyingine. Na hapo mlimani, chini kidogo ya ukuta mmoja mwekundu, injini ikakohoa, ikavuta pumzi, ikanyamaza.

Nikashuka na jiwe, nikaliweka. Niliporudi kukaa, mkono wa baba ulikuwa tayari umeelekea kwenye dumu.

"Mkono," Rabary akasema kutoka nyuma.

Baba akaurudisha kwenye usukani. Tukakaa. Nyuma yetu lori dogo la vitunguu likasimama, na nyuma ya lori gari nyingine, na honi zikaanza. Rabary akasema jaribu kuwasha. Baba akajaribu, injini ikazunguka bila kushika. Tukangoja tena. Akajaribu, haikushika. Tukangoja mpaka dereva wa vitunguu akatoa kichwa dirishani akatuuliza kama tunajenga nyumba hapo. Baba akajaribu mara nyingine. Wapi.

"Siku zote inawaka mara moja," baba akasema polepole. Alikuwa ameanza kushangaa. "Haijawahi kukataa hivi."

"Siku zote unafanya nini kwanza kabla ya kuwasha?"

"Kabureta nilisafisha. Maji nilimwaga, lakini siyo kila siku."

"Kila siku unafanya nini?"

Baba akafikiria. Honi zilikuwa nyingi kiasi kwamba nilitamani kuingia chini ya kiti na kukaa mahali pa jiwe. Na hapo ndipo bibi alipopandisha lamba yake kwa hasira.

"Nyinyi mnaongea tu," akasema. "Na hili dumu lenu limeanza tena. Limekonda. Jumapili lilikonda hivi hivi, likaniponyoka miguuni, nikasema, hakuna aliyenisikia."

Rabary akajipinda, akapitisha kichwa na kofia yake katikati ya viti. Mimi nikachungulia chini ya mkono wake. Dumu lilikuwa limebonyea pande zote mbili. Mashavu yake yalikuwa yameingia ndani kabisa, kama mzee asiye na meno anayefyonza embe.

Nilimwona baba amefungua mdomo. Rabary akaomba ruhusa kwa bibi, akainama chini ya mkono wake, akalitazama dumu kwa karibu bila kulifungua. Karibu na mpira, kwenye kile kifuniko cheupe, kulikuwa na tundu dogo ambalo baba mwenyewe alilitoboa miaka mingi iliyopita kwa sindano ya mama iliyopashwa moto. Ni tundu la hewa. Petroli ikitoka, hewa lazima iingie, vinginevyo ni kama mtoto anayefyonza chupa huku ameibana midomo, mwisho haitoki tena hata akifyonza vipi. Na baba kila alipofungua kifuniko kuangalia petroli, hewa ilikuwa inaingia bila yeye kujua. Siku zote ilikuwa hiyo tu. Na safari fupi za chini zilikuwa salama kwa sababu petroli tunanunua kidogo kidogo, anafungua kila mara kuongeza.

Tundu lilikuwa limezibwa kwa nta ya mshumaa. Nyeupe juu ya cheupe, imesuguliwa vizuri kwa kidole. Baba alikuwa amekifungua na kukifunga kifuniko kile kila siku. Nani anaangalia kifuniko?

Baba akamwangalia Rabary, Rabary akamwangalia baba. Wote wawili walikuwa wameelewa ni mkono wa nani. Umeme unakatika kwetu karibu kila jioni, na mwenye kushika mshumaa ni bibi, hamwamini mtu mwingine na moto. Lakini watasemaje? Mkwe hawezi kumwambia mama mkwe wake amekosea, tena mbele ya mtoto, tena barabarani. Ni afadhali gari life. Nilimwona baba kabisa anachagua gari life. Aliweka mikono kwenye usukani, akatazama mbele.

Basi Rabary akafungua mlango, akashuka. Akazunguka mpaka kwenye dirisha la bibi. Akavua kofia. Sikuwahi kukiona kichwa chake, kina upara katikati, mdogo, wa mviringo. Akajinyoosha, akashika kofia kifuani, na akaanza kutoa kabary, hotuba, ile ya harusi na misiba, pale mlimani.

Alianza kama inavyotakiwa, kwa kujishusha. Alisema yeye siyo mkubwa, ni mdogo aliyesukumwa mbele kwa sababu wakubwa wana heshima ya kukaa. Akaomba radhi kwa waliotangulia kufa, akaomba radhi kwa wazee walio hai, akaomba radhi kwa ardhi anayoikanyaga. Akachomeka misemo yake, mingine sikuielewa. Bibi alikuwa amegeuza sikio. Bibi anapenda kabary kuliko nyama. Kwao Ambatolampy walikuwa wanamwita kwenye harusi akae tu karibu na msemaji amsahihishe.

"Umewaruka walio nyuma," akamwambia.

Rabary akageuka, akainamisha kichwa kuelekea lori la vitunguu na magari yote yaliyopanga foleni hadi kwenye kona, akawaomba radhi wao pia kwa kuwachelewesha, na akawaomba waazime masikio. Dereva wa vitunguu akazima injini yake. Honi moja ikabaki mbali huko, halafu nayo ikanyamaza. Watu wakaanza kushuka. Mimi nilijificha nyuma ya kiti cha baba lakini nilisikia kila kitu.

Alisema kuna nyumba moja ina mlango mdogo sana. Akasema mlango huo ulifungwa, na aliyeufunga hakuufunga kwa ubaya, maana mtu anayefunga mlango usiku anawalinda waliolala. Akasema ila ndani ya nyumba hiyo kuna mtu anahitaji kupumua, na asipopumua hawezi kufanya kazi yake, na asipofanya kazi, baba wa watoto atakwenda mbali. Hakumtaja mtu. Hakuangalia dumu hata mara moja. Aliangalia viatu vyake.

Bibi aliangalia dumu, akaangalia kidole chake cha shahada. Nikaona shingo yake inashuka taratibu ndani ya lamba.

"Ni mimi," akasema.

Baba akasema haraka, "Hapana, mama, ni gari tu, ni ya zamani."

"Mamisoa, nyamaza. Nimesema ni mimi." Sijawahi kumsikia akimwita baba jina lake. "Harufu ilikuwa inatoka hapo kwenye tundu. Nikasema harufu si ndiyo petroli yenyewe inaondoka? Mtu anahangaika mchana kutwa, na petroli yake inatoroka kwenye kitundu. Nikakiziba. Nilitaka ikae."

Bibi akapeleka mkono nyuma ya kichwa, akachomoa kibanio cha nywele, msuko mmoja ukamwangukia begani. Akainama kwa shida na magoti yake yale, akaichokoa nta mwenyewe.

Dumu likavuta pumzi. Nalisikia mpaka sasa, lilifanya kama mtu aliyezibwa mdomo na kuachiwa. Mashavu yakatoka nje, moja kwanza, halafu la pili kwa kishindo kidogo. Dereva wa vitunguu, ambaye kumbe alikuwa ameshafika dirishani, akapiga makofi.

Baba akawasha. Ikawaka. Nikaliokota jiwe, Rabary akarudi kukaa.

Tulipanda mpaka Andohalo bila kusimama. Baba hakumshusha bibi kwa binamu yake, na bibi hakuuliza. Tukazunguka, tukaanza kushuka upande wa Mahamasina, na baba kwa mazoea akazima injini, tukawa tunateleza kimya kimya. Katika ule ukimya bibi akasema anataka kurudi Ambatolampy. Alisema mtu mzima anayetaka kumpeleka mkwe wake shimoni kwa nta ya mshumaa hana haki ya kukaa kwake. Alisema magoti yatazoea.

Baba alikuwa na kona mbele. Alipoimaliza akasema, "Mama, mafundi watatu hawakuona. Mimi mwenyewe sikuona. Ni nani aliyesema dumu limekonda?"

"Nilikuwa nalalamika tu."

"Basi ulalamike hivyo hivyo. Asante. Nakuomba ukae."

Rabary alikuwa anaangalia nje ya dirisha, kofia imerudi kichwani, anajifanya hasikii. Nilitaka kumwambia kitu. Nilikuwa na maneno kabisa mdomoni, mawili tu. Tulikuwa tumekaa karibu mpaka goti lake linagusa langu, na sikuweza. Badala yake nililisogeza jiwe ili aweke miguu vizuri, na yeye akanyoosha miguu, akasema, "Ahaa."

Kwa bwana Jaofera baba alikwenda mwenyewe, maana alishampa neno lake, na neno halivunjwi kwa kutotokea. Akaegesha, akawasha tena injini akaiacha inanguruma, akashuka, akaeleza. Jaofera aliisikiliza injini, akaizunguka gari, akasema mtu hawezi kuuza kitu kinachonguruma hivyo, angekuwa mjinga. Kisha akasema kama siku moja baba akiamua kuwa mjinga, anajua mlango uko wapi. Walishikana mikono.

Tulipofika nyumbani mama alikuwa bado mlangoni. Alisikia matairi kabla ya kutuona. Alikwenda moja kwa moja kwenye gari, akaweka mkono pale pale alipokuwa ameigusa asubuhi.

Kesho yake, Jumapili, tulichinja kuku, na Rabary akaitwa. Alikuja na kofia, na mkewe, na mkungu mdogo wa ndizi. Kwetu kuku ana utaratibu wake. Mkia, ile nyama laini yenye mafuta, ni wa mkubwa wa nyumba, na mtoto hata akiuota ndotoni anaomba msamaha. Baba akauchukua kwa mikono miwili, akamwekea bibi kwenye sahani, kama siku zote, na maneno yake ya heshima.

Bibi akauangalia mkia. Akaunyanyua na kijiko, akainuka, na magoti yale, akazunguka meza, akauweka kwenye sahani ya Rabary.

Rabary alishtuka kama ameungua. Alisema hapana, mama, mimi ni mdogo, mimi ni mtu wa nje tu, mimi ni dereva wa mwavuli. Bibi akamwambia anyamaze ale. Akamwambia kabary yake ilikuwa na makosa mawili, kuwaruka walio nyuma, na kumalizia haraka, na kwamba akija Jumapili nyingine atamfundisha mwisho wake unavyotakiwa. Kisha akarudi kukaa.

Rabary alikula polepole, kichwa chini. Alikula mpaka mfupa. Mkewe alimpa kitambaa, naye akakipeleka machoni.

Bibi bado anakaa mbele. Kibanio cha nywele sasa kinaning'inia kwa uzi kwenye kioo cha gari, na kila asubuhi kabla hatujaondoka anakichukua, anainama, anachokoa tundu la hewa hata kama ni safi, anakirudisha. Wateja wanadhani ni dawa ya kienyeji. Baba hawaambii kitu. Na dumu bado linanuka, hilo hajaacha kulisema.

Kituoni wamerudia utani wao. Juzi Rabary alimuuliza baba kama kabati limeamka salama, na baba akamjibu kwamba limeamka, limepumua, linamsalimia mwavuli. Mimi nilikuwa nyuma na begi la shule. Rabary akainama dirishani kunisalimia, na nikamwambia yale maneno mawili, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri. Sijui kama aliyapata, kulikuwa na kelele. Ila aligusa kofia.

Na jioni hii, mama anatarizi, bibi anafuta mshumaa wake, nasikia matairi kwenye mawe, taratibu, na breki zikilia kidogo mwishoni.